Tutawaangusha Bibokoboko

Wadogo zangu wa ofisi ya ukalimani, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na kunidai kitu kimoja: niandike jinsi nilivyoishi miaka yote ile na vitenzi vya Kiingereza vyenye mikia. Saa yenyewe inasimama kila baada ya chakula, nadhani imestaafu kabla yangu. Maandishi haya nayo sijui kama yatatembea. Shule nilisoma kidogo. Pale nitakapokosea, mwenye kujua asahihishe kwa kalamu nyekundu, rangi hiyo nimeizoea.

Kwanza niseme mkia ni nini. Sisi tukitaka kugeuza kitenzi, tunakishonea mkia mwilini: funga, fungia, fungana, fungua. Ukishashonwa hautoki. Mwingereza anauacha mkia utembee wenyewe nyuma ya kitenzi, kama mbuzi aliyekata kamba. "Put" ni kuweka. Lakini "put on your shoes" ni vaa viatu, "put out the fire" ni zima moto, "put off the trip" ni ahirisha safari, na "I can't put up with this noise" ni kelele hizi siwezi kuzivumilia. Hapo mnyama mmoja ana mikia miwili. Anayemtazama kichwa tu atasema ni kuweka, na ataweka mambo pabaya.

Haya sikuyajua mwenyewe. Habari za mauaji ya Makobola zilipotufikia, tulivuka ziwa na watu wetu, tukakaa kambini upande wa Kigoma. Huko nilimkuta Mwalimu Wilondja, mwinjilisti wa kwetu Fizi, aliyekuwa akifundisha Kiingereza chini ya hema la plastiki. Alikuwa na kamusi moja, na mvua ilikuwa imeila herufi A na B. Wanafunzi wake wote tulianza maisha ya Kiingereza kwenye C, na mpaka leo nikisikia "about" nashtuka kidogo.

Siku moja nilimuuliza, "Mwalimu, 'look' ni nini?"

"Look ya nani?"

"Look tu, Mwalimu."

"Look tu haiko. Inaenda wapi? Inatembea na nani? Wewe unaniletea kichwa cha samaki, unaniuliza kama samaki ilikuwa na mayai! Rudi na sentensi."

Nilirudi na sentensi, na tangu siku hiyo sikuwahi tena kubeba neno peke yake. Alitufundisha pia kanuni ya baiskeli, ambayo nyinyi wengine bado inawashinda. "Pick up" ni kumchukua mtu kwa gari. Unaweza kusema "pick up the chief" au "pick the chief up", maana chifu ni mtu mzima, atakaa katikati au nyuma apendavyo. Lakini akiwa ni "him", kadogo, lazima akae katikati, kwenye mlingoti wa baiskeli: "pick him up". Ukimweka nyuma, ukasema "pick up him", ataanguka. Halafu ziko baiskeli zisizobeba mtu katikati hata awe kadogo namna gani: "look after him", kumtunza. Huwezi kusema "look him after". Nilimuuliza Mwalimu sababu. Alinijibu kwamba sababu ilikuwa kwenye A au B.

Tuliporudi kwetu, mjini Baraka, nilipata kazi kwa wageni wa misaada. Mkubwa wetu tulimwita Madamu, mama mrefu aliyetembea kama mtu anayefukuzwa. Siku ya kwanza alinikuta mlangoni akasema kwa pumzi moja: "Look after the visitors while I look for the driver, and then we'll look into the well." Maana yake, niwahudumie wageni wakati yeye anamtafuta dereva, kisha tutachunguza jambo la kisima. Lakini yeye hakunipa nafasi ya kuitafuta mikia. Mi nilisikia kutazama, kutazama, na tena kutazama. Basi nikakaa, nikawatazama wageni. Niliwatazama sana. Wao nao wakanitazama. Hakuna aliyepewa chai. Na kisima, ili niwe mwenye haki, nilikitazama ndani kama nilivyosikia, nikaona maji.

Mwenzangu alikuwa Alimasi, mdogo wangu kwa umri ila si kwa maneno. Aliniita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, hasa alipotaka nimfanyie kazi. Yeye walimpa redio ya mkononi. Asubuhi moja redio ikasema: "Come in, Baraka, come in." Alimasi alikuwa nje kwenye kivuli. Akachukua redio, akaingia ndani ya ofisi, akafunga mlango. Redio ikarudia, "Come in, come in!" Akanifungulia mlango kwa hasira.

"Yaya, mi niko ndani! Huyu mutu anataka niingie wapi tena? Ndani ya kabati?"

Redio ilikuwa inataka ajibu tu. Alipojibu hatimaye, ikamwambia, "Stand by." Ni kusema, subiri, kaa tayari. Alimasi aliiweka redio juu ya meza, akasimama kando yake, wima, mikono mapajani, kama bendera inapandishwa. Nilimkuta bado amesimama, jasho linamtiririka. Nisimcheke peke yake: mi nilisimama naye kidogo, kwa sababu sikuwa na hakika.

Iko nyingine mtakayokutana nayo barabarani: "break down". Gari letu lilikufa Lubondja, kwenye matope, na Madamu akaripoti: "The car broke down, and then the driver broke down too." Alimasi akaniuliza kama dereva naye anahitaji vipuri. Hapana. Gari likifanya hivyo limeharibika, mtu akifanya hivyo amelia. Na dereva alilia kweli, maana lilikuwa gari jipya. Ninawapenda Waingereza kwa hiyo moja. Wamemhesabu dereva na gari lake kuwa familia.

Lakini mkia ulionifundisha woga ni wa "call off". "Call" ni kuita, hilo kila mtu analijua, na hapo ndipo shida. Tulikuwa na mkutano Lubondja na chifu na watu wake. Redio ikasema: "The meeting has been called off." Alimasi akatangaza kwa kipaza sauti, "Mukutano umeitwa!" Basi watu wakaja. Wakaja na viti, na ngoma, bamama wa kanisa wakaja na sare zao. Mkutano ulikuwa umefutwa. Chifu akasimama katikati ya uwanja akazunguka kutafuta mgeni.

"Mukutano umeitwa," akasema, "na yeye mwenye kuuita hayuko. Sasa nani ametuita? Shetani?"

"Put off" ingekuwa heri, mkutano ungekuja siku nyingine. "Call off" haina siku nyingine. Tofauti ya mikia hiyo miwili mnisamehe nikiirudia, kwa sababu siku moja ilitaka kuwa tofauti ya uhai.

Vita vya pili vya nchi yetu wakati ule vilikuwa vimekwisha kwenye redio. Kwetu vilikuwa bado havijapata habari. Njia ya kupanda milimani Bibokoboko ilikuwa imefungwa, na hapo Baraka walikuwa wamekwama bamama wachache wa milimani, wale wafugaji wasemao Kinyarwanda. Walikuwa wameshuka kumpeleka mgonjwa hospitali, mgonjwa akapona, njia ikafa. Mkubwa wao alikuwa Nyamahoro, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuchungia ng'ombe. Alikaribishwa na Mama Riziki, mjane wa Kibembe, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani. Walikuwa wakijuana tangu zamani, kwa kubadilishana samaki na maziwa na kutukanana bei. Mama Riziki aliwalaza wote nyumbani kwake, na alipoulizwa ni nani, alisema ni wageni wa kanisa.

Halafu vijana wenye bunduki wakaanza kupita mbele ya nyumba yake na kuuliza wale wageni wa kanisa wanasali kwa lugha gani. Sitasema vijana hao walikuwa wa upande gani. Kila upande ulikuwa nao, na mi mwenyewe nilikuwa na binamu kati yao. Nasema tu kwamba wale bamama, wasipotoka Baraka upesi, wasingetoka.

Kulikuwa na askari wa kigeni wa kulinda amani, na kiongozi wao tulimwita Kapiteni. Alitoka nchi ya mbali, Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake wala yangu, kwa hiyo tulikutana ndani yake kama watu wawili kwenye nyumba ya kupanga. Mtu mwema. Kosa lake lilikuwa kupenda Kiswahili. Akapata helikopta ya kuwapandisha bamama wale Bibokoboko, safari moja tu, na akataka awape habari hiyo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Akamfuata Alimasi.

"Alimasi! 'Drop', kwa Kiswahili?"

"Angusha, mukubwa."

Akaandika kwenye kiganja, akaenda. Mi sikuwapo, na ningekuwapo pengine ningejibu vilevile kwa kuona haya ya kumdai Kapiteni sentensi. Sentensi aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa hii: "We will drop you off in Bibokoboko." Kumfikisha mtu mahali na kumshusha salama. Lakini mkia aliuacha nyumbani. Akasimama uani kwa Mama Riziki, akafungua kiganja, akatabasamu, akasema:

"Bamama! Kesho, ndege. Tutawaangusha Bibokoboko. Pole pole!"

Lazima mjue kwamba miezi ya nyuma ndege ya misaada ilipita juu ya Bibokoboko, ikaangusha mifuko ya unga kutoka hewani. Mifuko iliyokuta majani ilisalimika. Iliyokuta mawe ilipasuka, mawe yakawa meupe, mbuzi wakayalamba. Nyamahoro aliyaona hayo kwa macho yake. Hakuwa na sababu ya kudhani Kapiteni anasema mfano.

Kesho yake helikopta ilitua kwenye uwanja wa mpira. Bamama walikuja na vifurushi vyao, kwa heshima, kwa sababu walikuwa wamealikwa. Walifika kwenye mstari wa goli, wakaketi chini.

"Wamechoka?" Kapiteni akaniuliza. Nilikuwa nimeitwa nisaidie, sijui lolote la kiganja.

Nilimwendea Nyamahoro. "Mama, twende, ndege inangoja."

"Ingoje. Sisi hatuendi."

"Juu ya nini?"

"Sababu hatuko mifuko ya unga. Mwambie huyu mutoto wa watu, mimi niko na mifupa ya zamani. Hata akiniangusha pole pole."

Nilimtazama Alimasi. Alimasi alikuwa anatazama ziwa. Nikaelewa yote. Nikaanza kueleza kwamba ndege itagusa ardhi kwanza, kwamba watashuka kwa miguu yao. Kapiteni aliona mambo yamekwama, akaja mbio, akaweka mkono kifuani na kusema kwa sauti kubwa, ili wema wake usikike: "Tell them I will never let them down!"

"Let down" ni kumvunja mtu moyo, kumtupa wakati anakutegemea. Alikuwa anaapa kwamba hatawaacha. Lakini kati ya wale bamama alikuwako Esteri, mkwe wa Nyamahoro, aliyesoma sekondari Uvira mpaka pale walipoanzisha Kiingereza. "Let" aliijua. "Never" aliijua. "Down" aliijua vizuri sana.

"Mama!" akapiga kelele. "Anasema hatatuteremusha! Hata siku moja!"

Nyamahoro akapiga makofi mara moja, kavu. "Unaona? Jana alisema atatuangusha. Leo anasema hatutateremuka. Basi ametuwekea njia mbili: tuvunjike, ao tubaki hewani kama mwewe. Riziki, nirudishie kitanda yangu."

Mama Riziki alikuwa amesimama nyuma yao na kapu la ndakala walizotaka kuondoka nazo. Alitazama barabara, na mi nikatazama alikotazama. Wale vijana walikuwa wamekuja kuona ndege. Walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa shule, wanachezesha miguu.

Rubani akatoa kichwa dirishani. "If they don't make up their minds, I'm calling it off!" Wasipokata shauri, anaifuta. Kapiteni akamwomba iwe "put off", kesho basi, hata kesho kutwa. Rubani akatikisa kichwa. "Not put off. Called off." Mi peke yangu na Alimasi tulielewa kwa Kiswahili kile kilichosemwa, na safari hii Alimasi hakutangaza kitu.

Nikachuchumaa mbele ya Nyamahoro. Sikuwa na Kiingereza chochote cha kumsaidia, nikabaki na maneno ya kawaida. "Mama, ile neno ilikuwa na mukia, na mukia ulipotea njiani. Maana yake ni kufikisha. Banakufikisha kwenu, unashuka na miguu yako."

"Wewe ulishaipanda?"

"Hapana."

"Ulishaona mutu anaishuka?"

"Nimeona huyu rubani anaishuka leo."

"Ya rubani ni yake. Punda hamwangushi bwana wake."

Nilimwona ana haki, na hilo ndilo lilikuwa baya. Akamtazama Kapiteni kuanzia buti mpaka kofia, kama mtu anayekagua fahali sokoni. Kisha akasimama, akafungua kitenge cha juu, akampelekea Kapiteni. Ncha moja akaipitisha kwenye mkanda wake wa kijeshi, akakaza fundo. Ncha nyingine akajifunga kiunoni.

"Sasa," akasema, "aangushe."

Kapiteni aliinua mikono kama anayepekuliwa. "What is she up to?" Anafanya nini huyu?

Hapo, wadogo zangu, nilikuwa na nafasi ya kutafsiri neno kwa neno, na kila neno lingekuwa la kweli. Lakini askari kufungwa mbele ya vijana wenye bunduki wanaotazama si jambo la neno kwa neno. Nikatafuta mkia.

"Sir, she is going to hang on to you." Atakushikilia.

Uso wake ukafunguka. "Good! Tell her to hang on tight!"

"Anasema ukaze," nikamwambia Nyamahoro.

Akakaza. Wakaingia wote, yeye akimtangulia Kapiteni na kumvuta, Esteri nyuma yao, na kapu la ndakala. Ukutani vijana walikuwa wanacheka mpaka mmoja akashuka ili asianguke. Mtu anayecheka namna ile ana kazi kuinua bunduki, na hilo nalishukuru hadi leo, ingawa sijui kama ndiyo sababu. Helikopta ikapaa, ikageukia milimani, ikawa nzi, ikawa kitu cha kufikiria tu.

Tulikaa kwenye mstari wa goli, Mama Riziki, Alimasi na mi. Alimasi akasema polepole, "Yaya, kama imewaangusha, mi ndiye nilitoa neno." Mama Riziki akamwambia anyamaze, kwamba neno halina mabawa wala propela. Jua lilikuwa kali Baraka, mbingu safi kabisa, na hakuna mlio wowote uliotoka juu.

Iliporudi, alishuka Kapiteni peke yake. Mkanda anao, kitenge hana. Alikuwa anatembea kwa uangalifu, midomo inacheza, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. Alipita mbele yangu bila kunisalimu, akaenda moja kwa moja kwa Mama Riziki, akasimama wima. Nyamahoro alikuwa amemfundisha neno kule juu, mlangoni mwa ndege, akamrudisha nyuma kila alipokosea, wala hakumfungua mpaka alipolijua lote. Akalitoa silabi kwa silabi:

"Riziki. Mu-ho-go i-ko in-je. Mvu-a i-na-ku-ja. We mu-vi-vu."

Mama Riziki alijishika kiunoni.

"Ni yeye," akasema. "Hiyo ni yeye kabisa. Amefika kwake, anakanyaga udongo, anachungulia uani kwangu!"

Tukageuka kutazama milimani. Kutoka chini hatukuwa tumeona kitu, lakini nyuma ya mgongo wa Bibokoboko mawingu meusi yalikuwa yameanza kuchungulia. Mama Riziki alijifunga kitenge, akavua ndala, akakimbia kuanua muhogo aliouanika uani, akipita mbele ya wale vijana bila kuwatazama, huku analia na kumtukana Nyamahoro kwa Kibembe.

Kapiteni akanishika bega, wasiwasi mtupu. "Did it come across all right?" Alitaka kujua kama ujumbe umeeleweka.

"Yes, sir," nikamwambia. "Umefika."

Muhogo, ili niwe mwenye haki kwa pande zote, nusu ulinyeshewa.